Uzito wa Behewa Tupu

Siku mliyoniaga pale karakanani, wenzangu, mlinipa saa ya ukutani na daftari kubwa. Saa ilisimama mwezi wa pili. Daftari mlitaka niandike humo mambo ya kazi yetu ya kuandika mabehewa, yasije yakapotea, nami nikaitikia kama mtu anavyoitikia siku ya sherehe, mdomo umejaa kuku. Tangu hapo limekaa juu ya kabati. Leo Jumapili nimelishusha. Jana nilizungushwa kwenye maonyesho manne ya sanaa kwa siku moja, miguu bado inauma, na kwenye onyesho la nne nilisema jambo ambalo kesho mtalisikia karakanani kutoka kwa watu ambao hawakuwepo. Afadhali mlipate kwangu, na mlipate kwa mpangilio.

Walioandaa ni wasanii vijana, wengine wa Lubumbashi, wengine wa hapahapa Kamina. Walichagua sehemu nne za mji na kutaka watu wazizunguke zote kabla jua halijazama. Binti yangu Mado, anayefundisha kuchora shule ya sekondari, alikuwa katika kamati yao, na kwa hiyo mimi pia nilijikuta katika kamati bila kuulizwa. Alinichagulia shati, akanikagua viatu, kisha akanipa onyo la kuangalia kwa macho tu.

"Papa, kule habagusake bintu. Utaangalia paka na macho."

Nikamwambia nimeshika mabehewa ya watu miaka thelathini na zaidi na hakuna aliyelalamika.

"Njo maana ninakuambia mbele," akasema.

Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa tyubu za pikipiki. Zilikuwa zimepasuliwa, zimeoshwa na kutundikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, kama nyama ya kukausha. Kijana mwenye kazi hiyo alinieleza kwamba ile ni pumzi ya mji. Nilizitazama kwa makini. Viraka vilikuwa vimebandikwa vizuri sana na nilimwambia hivyo, lakini nadhani hakutaka kusifiwa viraka. Dereva mmoja wa pikipiki aliyeingia nyuma yetu alipita kwenye kila tyubu akiibonyeza, kisha akauliza ipi bado inashika upepo. Kilichonisumbua mimi ni vikaratasi vya majina. Vilibandikwa kwa haraka, kimoja kimeinama kushoto, kingine kulia, na herufi za mwisho wa mstari zimesongamana kwa kukosa nafasi. Nikanyoosha kimoja. Mado akaurudisha mkono wangu mfukoni.

Tabia hiyo ya kunyoosha niliipata kwa Papa Kabeya, kwa hiyo hapa ndipo mwanzo wenyewe.

Nilipoingia karakanani nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeoa juzijuzi, na nilikuwa nimemwambia mkuu wa kazi kwamba najua kuandika. Nilimaanisha barua. Alinipeleka kwa Papa Kabeya, mtu wa Kasai, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye alikuwa amesimama juu ya sanduku akiandika namba kwenye ubavu wa behewa la mizigo. Wengine walikuwa wakipitishia rangi kwenye vibao vya bati vilivyotobolewa. Yeye aliandika kwa mkono mtupu, brashi ndefu, na fimbo yenye kichwa cha kitambaa aliyoiegemeza kwenye bati ili kiganja kisiguse rangi mbichi. Hakugeuka.

"Weye unakuya kuandika ao unakuya kupaka?" akauliza.

Nikasema yote mawili.

"Basi utaanza na kuosha."

Mwezi mzima sikushika brashi ila kuiosha. Mnaoosha brashi siku hizi kwa kuichovya mara mbili na kuitingisha, mnajidanganya. Brashi inaoshwa mpaka ukiipitisha kwenye mdomo wa chini usionje kitu. Najua ladha ya terebentini kuliko ninavyojua ladha ya divai. Saa sita mkewe, Mama Ngalula, alikuwa akimletea chakula kwenye sufuria yenye mfuniko, na baada ya wiki ya kwanza sufuria ikawa kubwa zaidi bila mtu kusema lolote. Nilikula chakula cha mama yule karibu mwaka mzima. Alikuwa na watoto wawili, Mukendi na Bea, na alinipakulia kama wa tatu.

Onyesho la pili lilikuwa darasani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Humo mlikuwa na filamu ya mtu anayemenya mihogo. Hakuna kingine. Anamenya, anatupa kwenye beseni, anachukua mwingine. Watu waliingia, wakasimama kidogo, wakatoka wakinong'ona. Mimi niliitazama mpaka ikaisha na kuanza tena, kwanza kwa sababu palikuwa na kiti, pili kwa sababu yule mtu alikuwa anajua kazi. Mado aliniuliza nimeelewa nini. Nikamwambia kisu kilihitaji kunolewa.

Ila nilikuwa nimeelewa zaidi ya hapo. Kama mtu angetupiga filamu mimi na Papa Kabeya katika miezi yangu ya pili, ya tatu na ya nne, angepata kitu kilekile. Nilichora mistari iliyonyooka nyuma ya bati chakavu kuanzia asubuhi, na jioni yeye alipita na kitambaa chenye terebentini akafuta yote. Hakuwa na hasira. Alifuta kama mtu anayefuta meza baada ya kula. Mwezi wa tano akaniachia mstari mmoja usiku kucha, nami nikamwamsha mke wangu kumwambia.

Yaliyobaki ni haya, yaandikeni mahali. Wakati wa kiangazi maliza kuandika kabla ya saa mbili asubuhi, kwa sababu baada ya hapo vumbi la yadi linakaa kwenye rangi nyeupe na herufi inaonekana imeota ndevu. Nzi akinasa, mwache akauke, utamtoa kesho kwa ukucha. Ukimtoa leo unaandika tena neno zima. Msumari wa bati ukiangukia katikati ya tarakimu usiukwepe, panda juu yake. Na namba nane usiianzie juu. Papa Kabeya alianzia nane kiunoni, akapanda, akashuka, akarudi kiunoni, kwa pumzi moja. Nimejaribu miaka yote hii. Yangu ni nane nzuri, watu wameisifu, lakini inaanzia juu.

Onyesho la tatu lilikuwa kwenye ua wa nyumba moja karibu na soko. Baiskeli iliyobeba magunia manne ya makaa, vyote vimepakwa rangi nyeupe, baiskeli, magunia, kamba, na makaa yaliyochungulia juu. Mama mmoja alitaka kununua gunia na akakasirika alipoambiwa haliuzwi peke yake. Mimi niliinama nikaona kwamba kijana hakukwangua kutu kabla ya kupaka. Nikamwambia kwa upole kwamba mvua za kwanza rangi yote itabambuka. Akaniambia kubambuka ni sehemu ya kazi. Nilifikiria kapita wetu wa zamani, aliyesimamia kazi zetu, na jinsi ambavyo ningependa kumpa jibu hilo walau mara moja.

Kwa kuwa tumefika kwenye rangi inayobambuka, sasa nieleze kosa.

Kila behewa lina uzito wake likiwa tupu, na uzito huo unaandikwa ubavuni. Nyinyi mnajua, lakini daftari hili litasomwa na wake zenu pia. Behewa likijazwa mzigo linapandishwa kwenye mizani ya reli, mizani inatoa uzito wa vyote, halafu karani anatoa uzito wa behewa tupu uliosomeka ubavuni. Kinachobaki ndicho mzigo. Karani hana njia nyingine ya kujua. Anaamini kilichoandikwa, na kilichoandikwa tumekiandika sisi.

Ndiyo maana tuna kuita na kuitikia. Mmoja anasimama mbele ya behewa na kuita namba, tarakimu moja moja, kwa sauti. Mwingine amelipa behewa mgongo, ana daftari la mizani mkononi, anaitikia. Wakikubaliana, fundi anatia sahihi. Papa Kabeya alikuwa mkali wa jambo hili kuliko misa. Hakuna mtu kuita na kuitikia peke yake, hata kama mvua inanyesha, hata kama wote wamekwenda kula.

Siku ya kosa langu alikwenda kwenye matanga ya jirani. Aliniachia behewa moja na kuniambia niandike kila kitu isipokuwa uzito, uzito utamngoja. Nilikuwa na miezi kumi kazini. Nilitaka akirudi akute behewa limekamilika. Daftari lilisema 18 400. Nikaandika 14 800, nikarudi hatua tatu, nikajiita vizuri na kujiitikia vizuri, maana macho yaliyoandika ndiyo yaliyosoma. Aliporudi jioni rangi ilikuwa imekauka.

"Nani alikuitikia?" akauliza.

Nikataja seremala mmoja aliyekuwa ameshakwenda nyumbani. Papa Kabeya akatia sahihi.

Hilo ndilo kosa. Namba ni bahati mbaya, yeyote anaweza kugeuza tarakimu mbili. Seremala nilimtunga mimi, kwa mdomo wangu, nikimtazama mtu aliyenilisha.

Behewa likaenda upande wa Kaniama kuchukua mahindi. Lilipopimwa, karatasi ikaonyesha mahindi yamezidi yaliyopakiwa kwa zaidi ya tani tatu na nusu, kwa sababu ubavu ulilipunguzia behewa uzito wake. Kule lilikofika, magunia yakapungua. Watu wakatafuta mahindi yale kwenye stesheni zote za njiani, wakamhoji mlinzi wa treni, wakapekua nyumba. Mwisho mtu mmoja mwenye akili akaamuru behewa lipimwe tupu. Hapo wakaacha kutafuta mahindi na kuanza kumtafuta mwandishi. Walisema fundi amekula na mwenye mzigo, ameandika uzito mdogo kwa makusudi ili watu wauziwe hewa.

Papa Kabeya aliitwa ofisini. Mimi nilikuwa mlangoni na brashi mkononi. Walimwonyesha daftari, akalitazama muda mrefu, na nadhani ndipo alipoelewa habari ya seremala. Akasema, "Sinyatiri ni yangu," yaani sahihi. Alipotoka alinipita, akasimama, akaongea bila kunitazama.

"Bibi yako iko na mimba. Nyamaza."

Nilikuwa mwanafunzi mzito wa brashi, lakini neno hilo nililishika mara moja.

Behewa lilikuwa limerudishwa yadini, wakamwamuru aandike namba sahihi palepale, kapita amesimama nyuma yake na saa. Hakupewa muda wa kukwangua. Alipaka kiraka cha kijivu juu ya namba yangu, akangoja kidogo, akaandika 18 400. Ndiyo namba ya mwisho aliyoandika. Baada ya hapo alitolewa karakanani na kupewa kazi ya kupaka chokaa mawe ya kando ya njia, na mtaani watoto wake wakaitwa watoto wa mwizi wa mahindi. Kabla mwaka haujaisha ikaja miaka ile watu wa Kasai walipofukuzwa mkoani kwetu warudi kwao. Familia ililala stesheni majuma mengi ikingoja treni, pamoja na maelfu ya wengine. Nilikwenda mara moja na mikate. Niliona haya, nikamwachia Mama Ngalula mikate, nikaondoka haraka kana kwamba nina kazi. Papa Kabeya alifia Mwene-Ditu, nilisikia baadaye.

Kazi yake nilipewa mimi. Haya ya vyeo nitayaruka, ila hili lazima mlijue: karakana nzima ilisema Ngoy ana mkono kama wa Kabeya, na kwamba bahati nzuri hana tabia zake. Nilisikia hivyo miaka mingi nikaendelea kuchanganya rangi. Kila treni iliyoingia yadini nilitazama kama lile behewa limo, nilikwangue mpaka chuma. Halikurudi mikononi mwangu. Nilitumaini limeanguka mtoni.

Bea alirudi Kamina akiwa mama mzima, mume wake alipata kazi hapa, na yeye mwenyewe ni karani katika ofisi moja ya mkoa. Alikuja kwangu na kuku. Aliketi, akaniuliza moja kwa moja.

"Papa Ngoy, weye ulitumika na papa. Ni kweli aliiba?"

Nikamwambia baba yake alikuwa fundi mkubwa. Halafu akashukuru na kwenda. Sijui kama mmewahi kujibu swali kwa namna hiyo, kila neno la kweli na jibu lote la uongo. Kuku tulimla.

Sasa nirudi kwenye jana. Onyesho la nne lilikuwa kwenye hangari ya zamani ya mizigo, karibu na stesheni. Mado alikuwa na furaha isiyo ya kawaida tangu tulipotoka kwenye makaa meupe, na kila mtu tuliyempita mlangoni alinisalimia kwa jina. Ndani walikuwemo watu kama arobaini. Ukutani, kwa minyororo, ulining'inia ubavu wa behewa la mizigo, umekatwa kwa moto. Nilitambua namba ya behewa kabla sijaweka miwani.

Kiraka cha kijivu kilikuwa kimebambuka vipande vipande. 18 400 ya juu ilibaki, imepasuka kidogo, na chini yake 14 800 ikachungulia yote. Msanii mwenyewe, kijana wa Lubumbashi aitwaye Serge, alikuwa ameununua ubavu huo kwa muuza vyuma. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Papa, angalia. Ya chini, mukono iko natetemeka. Ni muntu wa kuogopa. Ya juu ni maître. Njo weye."

Kumbe aliulizauliza kwa wazee wa reli, na wazee wakamweleza kila walichojua na walichokisia. Mado alikuwa amemsaidia, iwe zawadi kwangu. Kikaratasi kilikuwa kimeshachapwa kwa Kifaransa na, nasema ukweli, kilibandikwa kimenyooka. Kwa Kiswahili kilisema hivi: namba ya chini iliandikwa na fundi Kabeya, aliyeondolewa kazini kwa wizi wa mahindi, ya juu ni sahihisho la fundi Ngoy wa Kamina. Kazi hiyo inapelekwa Lubumbashi mwezi ujao, halafu Kinshasa, na kikaratasi chake.

Nilikuwa na muda wa kufikiri sekunde chache, na niliutumia vibaya. Nilifikiri kwamba nimestaafu. Nilifikiri kwamba Mado anacheka. Nilitazama nane ile ya juu, iliyoanzia kiunoni, na kwa mara ya kwanza katika siku nzima nikaona kitu kizuri hasa ukutani, na jina langu chini yake. Halafu nikamwona Bea, binti wa Papa Kabeya, ambaye siku hizi tunamwita Mama Bea. Alikuwa amesimama mbele ya kikaratasi, mkoba umebanwa kifuani. Alikisoma mpaka mwisho, akakunja midomo, akaanza kugeuka kuelekea mlangoni.

"Mama Bea," nikasema. "Ngojea kidogo."

Akasimama.

"Ile ya chini ni yangu. Ya juu njo ya papa yako."

"Unasema nini?"

"Minyi njo nilikosa namba. Nilijiita, nikajiitikia mwenyewe. Papa yako aliniuliza, nikamudanganya, akatia sinyatiri. Hakukula mahindi ya muntu. Ile mahindi haikukuwako hata kidogo."

Serge akauliza kama anaweza kurekodi. Mado akamwambia anyamaze. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Mama Bea alinisogelea. Ni mrefu kuliko baba yake.

"Ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu mwanzo."

"Na minyi nilikuya kwako na kuku."

"Ulikuya na kuku."

"Ukakula."

"Nilikula."

Aliutazama ule ubavu. Aliunyooshea mkono, na hakuna mtu wa kamati aliyethubutu kumwambia asiguse. Akapitisha kidole kwenye nane, taratibu, kuanzia katikati. Nilidhani atalia, au atanipiga, na ningeona nafuu kwa lolote kati ya hayo. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akajifuta kidole kutu.

"Rudilia," akasema. "Bale ba nyuma habakusikia."

Nikageukia watu. Sauti ya kuita namba bado ninayo, kazi imeniachia hiyo. Nikasema tena yote, behewa, mahindi, seremala, nikitaja jina la Papa Kabeya kamili na langu kamili. Hakuna aliyepiga makofi, na hilo lilikuwa sawa. Wazee wawili wa reli waliokuwa karibu na vinywaji walitazama viatu vyao. Mado akaenda ukutani, akabandua kikaratasi, akakikunja mara nne na kukitia mfukoni mwake bila kunitazama. Mpaka naandika haya hajanitazama vizuri. Nampenda kuliko kitu chochote, na simlaumu.

Mimi nilidhani tumemaliza. Mama Bea alikuwa ameshapiga simu.

"Mukendi," akasema, "kuko muntu anataka kukuambia neno." Akaniwekea simu mkononi, sauti imefunguliwa watu wote wasikie.

Hangari ile ni ya bati tupu na mtandao unaingia kwa kubahatisha. Mukendi alikuwa Mwene-Ditu, na nyuma yake palikuwa na kelele za barabara.

"Ni nani? Sema na nguvu!"

"Ngoy wa atelie! Ile namba ya wagoni, ni minyi nilikosa! Papa yenu haku..."

Simu ikakatika. Mama Bea akaichukua, akapiga tena, akanirudishia. Nikaanza upya, kwa sauti kubwa hata mwanamke aliyekuwa akichoma nyama nje akaacha moto wake akaja kusimama mlangoni. Ni minyi nilikosa. Nilimudanganya. Papa yenu hakuiba.

Kelele za barabara zikaisha ghafla. Nikadhani imekatika tena, nikaitazama, haikuwa imekatika. Nadhani alikuwa ameingia ndani ya nyumba na kufunga mlango.

"Papa Ngoy," Mukendi akasema. "Usikate. Mama eko mu chumba. Niko namuita."

Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza kama Mama Ngalula yu hai. Nilisimama katikati ya watu arobaini, simu mkononi, na kutoka mbali kule nikasikia kiti kinasukumwa, halafu kandambili za mtu mzee zikiburuta sakafuni, polepole sana, zikija.